Lita Tatu Kuelekea Ivuna

Maji ndiyo yaliyotangulia kuwakimbia. Mpira wa tangi ulichomoka kwenye mashimo ya mbuga, na Efraimu alipoona kwenye kioo ule mstari wa unyevu unaowafuata nyuma, lita mia mbili zilikuwa zimeshanywewa na vumbi. Akalisimamisha lori lao dogo la Canter, akazima injini, akaingia uvunguni kuufunga. Alipotoka na kuwasha tena, starta ilitoa mlio mmoja mdogo, ikanyamaza.

Mbele mbuga, nyuma mbuga, jua la Oktoba. Mtandao wa simu hata wa kusingizia haukuwepo.

"Yamebaki kiasi gani?" aliuliza mkewe, Ikupa.

"Yaliyotuama chini kabisa. Lita tatu hivi."

"Basi hakuna kunawa."

Walikuwa wanakwenda Ivuna kumwona mjukuu wao wa kwanza, mtoto wa binti yao Brenda. Efraimu ndiye aliyekataa basi. Fundi umeme wa malori, miaka thelathini na miwili pale Mpemba, jirani na Tunduma, apande basi? Kwa miezi minne walijenga chumba nyuma ya Canter kuukuu: kitanda, sinki, tangi, pampu ya maji, feni, paneli mbili za sola na jokofu la kuwashangaza majirani. Ikupa alishona mapazia. Chumba kilipendeza kweli, na fundi naye alikuwa ameanza kujisikia.

Alifungua sanduku la betri, akapima, akaketi palepale mchangani. Canter hutumia betri mbili za volti kumi na mbili zilizoungwa pamoja, jumla ishirini na nne, na starta huzitaka zote. Jokofu, feni na pampu vilitaka kumi na mbili. Dereva wa lori akileta redio ndogo ya kumi na mbili, mafundi wa Tunduma huichomeka kwenye betri moja tu, na kwa redio haina neno. Kwa jokofu mkono wa Efraimu ulifanya vilevile, kwa mazoea, bila kukiuliza kichwa. Betri moja imenyonywa njia nzima, mwenzake ameshiba.

"Mama Brenda, kosa ni langu. Jokofu nimelifunga kama redio."

Ikupa alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Miaka thelathini na miwili! Haya, fundi, tunatokaje?"

"Paneli zote mbili nizielekeze kwenye hii iliyokufa, peke yake. Kesho mchana itakuwa imepata nguvu."

"Basi na maji ni haya mpaka kesho mchana."

Walizima kila kitu. Walilala uvunguni wakikifuata kivuli, na Ikupa akagawa maji kwa kikombe cha kahawa. Jioni midomo ilikuwa imepasuka na ulimi umekuwa mzito. Ikupa aliimba nyimbo za kwaya hadi sauti ikakauka. Efraimu aliogopa, na hakuficha: mke wake angeweza kufia hapa kwa ajili ya jokofu. Akamwambia.

"Sifi kabla sijambeba yule mtoto," alijibu Ikupa. "Kunywa zamu yako."

Asubuhi alitokea mwanamke mwenye fimbo begani, macho chini, anafuata alama za kwato. Aliitwa Nyanzobe, mfugaji.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Hamjaona mtamba mwekundu?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujamwona. Ivuna ni wapi?"

"Mmeiacha kushoto. Na mimi naelekea huko. Ng'ombe akipotea huku, mfuate Ivuna kwenye chumvi."

"Njiani kuna maji?"

"Ya chumvi tu." Kibuyu chake cha maziwa kilikuwa kitupu tangu alfajiri.

Ikupa akamimina vikombe vitatu, na hayo ndiyo yalikuwa maji yote. Efraimu aliona hivyo. Alimpenda mkewe mno saa ile.

Saa saba mchana, Nyanzobe bado akiwasubiri awaonyeshe njia, Efraimu alirudisha betri mahali pake. "Tunajaribu mara moja tu," alisema. Starta ikasaga, ikasita, ikasaga tena. Injini ikakohoa, ikashika. Ikupa alipiga vigelegele kwa koo kavu na Nyanzobe akapokea, wakashindana.

Waliendesha kwa kufuata kwato, Nyanzobe akionyesha kwa fimbo dirishani. Kweli, karibu na vijumba vya wachemsha chumvi, mtamba mwekundu alikuwa analamba ardhi bila wasiwasi wowote.

"Simama, baba, nishuke."

"Sisimami. Napunguza mwendo."

Nyanzobe akaruka huku anacheka, akawapungia fimbo.

Brenda aliwatokea uani na jagi la maji. Ikupa alikunywa vikombe vitatu bila kupumua, cha nne akammwagia mumewe kichwani kupitia dirisha la gari. Efraimu alikunywa akiwa bado kwenye usukani, mguu kwenye pedali ya mafuta.

"Baba, si uzime gari," alisema Brenda.

"Lisipowaka tena?"

"Lisiwake," alisema Ikupa. "Tumefika."

Efraimu akageuza ufunguo. Injini iliponyamaza, wakamsikia mtoto analia ndani. Ikupa alikuwa ameshafika mlangoni, ndala moja kaiacha uani.