Tope la Lamar na Ubatizo wa Keziah

Lamar Tolliver ni mjenzi wa nyumba, na ni mtu wa usafi kupita kiasi. Kila jioni huosha barabara mbele ya eneo lake la ujenzi kwa mpira wa maji, mpaka lami ing'ae. Tope lote jekundu huingia mtaroni.

Alhamisi moja, baada ya mvua, Lamar akiwa anaosha, mkewe Verlene alishuka garini amefura kwa hasira.

"Lamar! Umekiona kijito? Chekundu kama supu ya nyanya! Jumapili mwanao Keziah anabatizwa mle, na gauni jeupe nimeshalipiga pasi!"

"Si mimi. Nani msafi kunizidi mtaa huu? Waulize wakulima huko juu."

Dada Odessa alikuwa amefika kukagua eneo. Yeye ni mkaguzi wa maji ya mvua, na kanisani kwao huimba kwaya. Aliutazama mpira, akacheka.

"Kaka Lamar, maji ya mtaro huu yanakwenda wapi?"

"Si kwenye mtambo wa kusafishia majitaka?"

"Ya chooni ndiyo huenda huko. Haya huenda moja kwa moja kijitoni. Unambatiza Keziah kwa tope lako mwenyewe."

Lamar alifunga maji. Aliona aibu, na alistahili kuiona.

"Lakini kibali ninacho. Na uzio wa kitambaa wa kuzuia tope ule pale."

"Kibali hakizuii tope." Dada Odessa aliinua kitambaa kwa ncha ya kiatu. "Ona, maji yanapita chini. Chimba mfereji, uzike ncha ya kitambaa, ushindilie udongo. Mwaga kokoto kubwa langoni, malori yaache tope humo. Likifika barabarani, lizoe kwa koleo, usilioshe. Udongo ulio wazi ufunike kwa majani makavu. Na kila mvua ikinyesha, kagua."

"Nisipofanya?"

"Nasimamisha ujenzi. Kuimba ni Jumapili, leo niko kazini."

Ijumaa Lamar na mafundi wake walichimba, wakazika kitambaa, wakamwaga kokoto. Jumamosi mvua ilirudi. Lamar alisimama pale akilowa, moyo juu juu. Maji mekundu yalituama nyuma ya uzio, tope likazama, na hakuna kilichopita chini.

Jumapili Keziah aliingia kijitoni na gauni lake. Akainama, akatazama.

"Baba! Naviona vidole vyangu vya miguu!"

Mchungaji alicheka kabla ya kumzamisha. Lamar alilia waziwazi, na Dada Odessa akaanzisha wimbo.