Samaki Wawili wa Kumpokea Constantin

Kila siku akitoka shuleni, Larissa alivua viatu mlangoni, akachota maji kwenye bidoni, akawasha makaa. Kisha alipita kwangu kuniamkia, "Shikamoo, koko," yaani bibi. Mimi nilimjibu, "Iko sawa," kwa sababu hapa Nyalukemba, mtaani kwetu Bukavu, hatutumii salamu hiyo, na mtu mzima anaona haya kumuuliza mtoto inajibiwaje.

Familia yake ilitoka Kigoma, Tanzania. Baba yake, Aloys, alikuwa fundi wa injini za meli ziwani. Huo ulikuwa mwaka wao wa tatu Bukavu, lakini kaka yake Larissa, Constantin, alibaki Kigoma kwa bibi ili amalize masomo. Ijumaa moja alikuwa anakuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza.

Mama yake Larissa, Mama Agnès, alikaanga samaki wawili wakubwa, akawafunika kwa sahani. "Hawa ni wa kaka yako," alimwambia Larissa. "Usiwaguse. Nakwenda kununua nyanya. Baba yako yuko parkingi anangoja basi."

Larissa hakuwagusa. Aliwaangalia tu. Halafu akaonja mkia mmoja, maana mgeni hapewi mkia. Tumbo lilipoonja mkia likaulizia mgongo, na mgongo ukamkumbusha yule samaki wa pili, aliyebaki mpweke. Baada ya nusu saa ilibaki mifupa na vichwa viwili. Aliifukia ndani ya gunia la makaa.

Sasa lazima nikueleze habari ya sufuria. Mtaani kwetu mwizi akiingia, hupotezi muda kuita majina ya watu. Unachukua sufuria, unaipiga. Jirani akisikia anapiga yake, na wa juu yake anapiga yake, mpaka kilima kizima kinalia. Kisha watu wanatoka na chochote walichoshika. Sufuria haipigwi kwa mchezo, na mtoto anayejua kutembea analijua hilo.

Larissa pia alilijua. Lakini aliwaza hivi: watakuja, hawatakuta mtu, watarudi kwao, na mama ataambiwa mwizi amebeba samaki. Akachukua sufuria ya uji, akaipiga kwa nguvu zote. "Mwizi! Ameiba samaki, amekimbia!"

Kilima kikalia. Guylain, mwashi wa nyumba ya chini, alitoka na mpini wa sepeto. Vijana wakaokota mawe. Mimi nilitoka na mwiko, maana nilikuwa nasonga bugali.

Wakati huohuo kijana mmoja alikuwa anapanda njia yetu, begi mgongoni, akitazama mlango huu na mlango ule. Alikuwa Constantin. Basi lake lilifika mapema, simu yake ilizimika, akapishana na baba yake.

"Wee, simama. Unatafuta nini huku?" Guylain alimuuliza.

"Natafuta nyumba ya mzee Aloys. Ni baba yangu."

"Musikie vile anasema," kijana mmoja akadakia. "Huyu si mutu wa hapa. Afungue begi."

Guylain alilivuta begi, harufu ya samaki ikatoka. Walikuwa migebuka wakavu waliofungwa kwenye gazeti, zawadi ya bibi. Lakini nani aliuliza kama ni wakavu au wa kukaanga? Samaki ni samaki.

Mpini ulimpata begani, akapiga magoti. Jiwe likampasua juu ya jicho, damu ikafunika uso. Mtu akamkanyaga mkono, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni. Alijikunja kulinda kichwa, wakampiga mateke ya mbavu. Aliita, "Mama, mama," na mwanamke mmoja akamwambia, "Wakati uliiba, ulimuita?"

Kijana mwingine akaja anabingirisha tairi. "Nani iko na petroli?" aliuliza, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Larissa alikuwa bado jikoni na sufuria yake. Alisikia ile sauti ikimwita mama, na sauti hiyo aliijua tangu azaliwe. Alikimbia, akapenya katikati ya miguu ya watu, akamlalia kaka yake.

"Mwacheni. Ni kaka yangu."

"Mutoto, toka hapo," Guylain alisema. "Kama ni kaka yako, ndiye anawaibia?"

"Hajaiba kitu."

"Na hii samaki mu begi? Si ni wewe umesema mwizi amebeba samaki?"

Larissa akazidi kumkumbatia kaka yake. Tairi likasogea.

"Samaki nimekula mimi," alisema. "Hakuna mwizi. Nimepiga sufuria kwa uongo."

"Unasema hivyo juu ya kumuponya."

Larissa aliinuka, akakimbia nyumbani, akarudi akiburuta gunia. Alilimwaga miguuni pa Guylain. Katikati ya makaa yakatokea mafuvu mawili ya samaki na mifupa yao.

Guylain aliitazama mifupa, akautazama mpini wake, akauangusha. Mwenye tairi akageuka nalo polepole, utadhani alikuwa anapita tu. Guylain mwenyewe ndiye aliyembeba Constantin mgongoni hadi kituo cha afya. Mkono ulifungwa plasta, juu ya jicho pakashonwa nyuzi saba. Meno mawili yalibaki njiani kwetu.

Wiki nzima Constantin hakuweza kutafuna. Kila asubuhi kabla ya shule Larissa alimpikia uji katika sufuria ileile, ambayo sasa ilikuwa na kibonyeo, akamlisha kijiko kwa kijiko.

Jumapili ya wiki iliyofuata tulikwenda kuomba msamaha. Guylain alibeba kuku, akasimama mlangoni mpaka Constantin mwenyewe alipomkaribisha. Mama Agnès aliweka sufuria mbele yetu.

"Larissa," alisema, "kwa samaki ningekukaripia, na yangeisha siku hiyohiyo. Lakini uongo ulitoka mdomoni mwako ukiwa mdogo, ukafika njiani umeshika mawe. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni samaki." Kisha akatugeukia. "Nanyi, majirani, mtu akitaja jina la mume wangu, niiteni kwanza. Alitaja, hakuna aliyesikiliza."

Wiki nzima nilikuwa nimesema kwamba mimi nilisimama pembeni tu.

"Mimi nilikupiga mwiko mmoja," nilimwambia Constantin. "Mguuni."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Wewe nilikujua. Mwiko wako ulikuwa na ugali." Akainamisha kichwa chake kilichoshonwa. "Shikamoo, koko."

Ikabidi nimuulize Larissa inajibiwaje, mbele ya watu wote, na yeye akaninong'oneza jibu.

"Marahaba," nikasema.