Tundu la Tatu

Asubuhi moja, akiwa anasugua unga uliomkaukia mikononi, Kitinda aliona kifungo chake kina matundu matatu.

Kifungo chenyewe kilikuwa tatuu, kidogo kama kifungo cha shati, kimechorwa upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini ya kiganja. Miezi mitano nyuma kilikuwa na matundu mawili, na hakuna sababu yoyote ya kifungo cha wino kutoboka. Akakisugua kwa sabuni. Akakisugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Tundu la tatu likabaki pale pale, jeusi, limejibana katikati ya wenzake utadhani lilikuwepo tangu mwanzo. Mtu aliyelala vizuri angeshtuka. Kitinda alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, nyayo zinamwaka moto, na mama alikuwa anasubiri kugeuzwa. Akajiambia ni cheche ya tanuri, akafuta mikono.

Jioni, akifunga viatu arudi zamu, akakumbuka.

"Dada, hebu nione kifungo chako."

"Kimekatika uzi?" Dada alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, na utani wake wote aliutoa huko. Alinyoosha mkono bila kuangalia. Kisha akaangalia. "Hii ni pini. Nimejichoma na pini."

"Sote wawili? Mahali pamoja?"

"Kitinda, leo nimeshona kola mia na themanini. Nenda kazini."

Ndivyo walivyokuwa wakizungumza siku hizo, mmoja anaingia, mwingine anatoka. Mama yao alikuwa amepooza upande mzima wa kulia, mwezi wa kumi na nne sasa, na kila baada ya saa mbili alitakiwa kugeuzwa ili mgongo usioze. Usiku aligeuzwa na Dada. Mchana aligeuzwa na Kitinda, aliyelala vipande vipande kwenye mkeka chini ya kitanda huku saa ya mezani ikimpigia kelele sikioni. Dada alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Kitinda alifika saa moja kasoro dakika ishirini. Hizo dakika arobaini katikati mama alikuwa peke yake na redio, na hakukuwa na namna.

Tatuu zilitokana na ugomvi. Kitinda alikuwa amepata kazi nzuri mji mwingine, akafungasha begi, na Dada akamkuta nalo mlangoni. Walitukanana juu ya kitanda cha mama mpaka majirani wakazima redio zao wasikilize vizuri. Kisha wakalia, wakafungua begi, na Jumapili iliyofuata wakaenda kwa mchora tatuu wa karibu na stendi. Dada ndiye aliyechagua kifungo cha matundu mawili. Mikono ikiwa bado inavuja damu, wakaishikanisha kifungo kwa kifungo, wakaahidi. "Mama haendi popote," Kitinda alisema. "Haendi," Dada akaitikia, "sisi tupo." Halafu, kwa vile alikuwa amekesha siku tatu na akili imeanza kumcheza, akacheka: "Na yeyote mwingine anayetaka kutusaidia, karibu sana, aje atoe mkono!"

Wakacheka mpaka wakaegemea mlango.

Mama alipoziona alisema, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii, "Mmejipiga chapa kama magunia." Lakini aliishika mikono yao kwa muda mrefu.

Baada ya lile tundu la tatu, kazi ikaanza kupungua. Kitinda alikuwa akifika asubuhi anamkuta mama ameshaoshwa, shuka imebadilishwa, mto umewekwa vizuri katikati ya magoti. Alimhurumia Dada kwa kuamka mapema hivyo, akamwachia chai kwenye chupa kama asante. Dada, kwa upande wake, alikuwa akijilaumu kila asubuhi kwa kumwacha mama bila kumwosha, na jioni akikuta nguo zote zimefuliwa alimsifu Kitinda kimoyomoyo. Uchovu ukizidi, watu hawaulizani maswali. Chumba kilianza kunuka wino na spiriti, na chini ya harufu hiyo kitu kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo ya maji. Walifungua dirisha.

Muuguzi wa zahanati alikuwa akipita kila wiki. Wiki hiyo aliweka kipimo chake kifuani kwa mama, akakihamisha, akakihamisha tena, akakunja uso.

"Sipati mapigo," alinong'ona. Kisha akashtuka. "Ngoja. Hayo hapo. Mama huyu ana roho ngumu. Mimi nilishawaambia mjiandae tangu mwezi ule."

Alipoondoka, mama alimvuta Kitinda gauni.

"Yule wa tatu," alisema.

"Wa tatu nani, mama?"

"Mwenzenu." Jicho lake zima lilijaa machozi. "Mwambieni aniache nipumzike. Nikifika mlangoni ananirudisha."

Kitinda alimfuta machozi, akaiwekea saa ya mezani kengele ya kugeuza. Lakini kesho yake aliomba ruhusa kiwandani, akasingizia tumbo, na saa kumi na mbili na robo alikuwa kwenye ukumbi wa nyumba yao. Jua ndio kwanza linachomoza. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania sabuni bombani. Viatu vya Dada havikuwepo. Ndani ya chumba cha mama, mtu alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni.

Akausukuma mlango kwa kidole, akamwona mwanamke aliyempa mgongo, amekunja mikono ya gauni, anamgeuza mama kwa ustadi ule ule ambao wao wawili waliupata kwa miezi kumi na minne ya kuumia viuno, mkono mmoja begani na mmoja nyongani, akihesabu moja, mbili, kwa sauti ya Dada, kisha akimbembeleza kwa sauti ya Kitinda mwenyewe, na mama akashusha pumzi, pumzi iliyotoka na kuendelea kutoka mpaka kifua kikalala na kutulia, na Kitinda, aliyekuwa ameisubiri na kuiogopa pumzi hiyo kwa zaidi ya mwaka, akajua kwamba mama yake amekufa mbele ya macho yake, na kabla hajapata sauti ya kupiga ukelele yule mwanamke akainama, akaubana mdomo wake juu ya mdomo wa mama, akapuliza taratibu kama mtu anayewasha mkaa, na kifua kikapanda.

"Haendi," yule mwanamke alisema, akageuka.

Paji la uso lilikuwa la Dada. Mdomo ulikuwa wa Kitinda. Ungewaona barabarani ungesema ni ndugu watatu, na huyu wa katikati ndiye aliyejaliwa uzuri. Mkononi alikuwa na kifungo cha matundu matatu. Hakutoka jasho. Hakuwa na uvimbe chini ya macho, wala mgongo haukumpinda, na kwa nyumba ile hilo peke yake lilitosha kukuonyesha kwamba si binadamu.

"Pole na kazi, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Nimeshamwosha. Nenda kalale."

Na Kitinda akalala. Jambo hilo lilimwaibisha baadaye kuliko woga wenyewe. Alirudi ukumbini, akakaa chini, na usingizi ukamchukua saa tano mfululizo, usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu mama aanguke.

Alipomsimulia Dada jioni ile, Dada hakubisha. Alikaa pembeni ya kitanda akitazama mgongo wa mama, ambao haukuwa na kidonda hata kimoja.

"Anamtunza kuliko sisi," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Dada! Usiseme hivyo, atakusikia."

"Nimechoka, Kitinda. Nasema ninachokiona."

Jumapili walikwenda kwa mchora tatuu. Aliwakumbuka mara moja.

"Mlikuwa watatu," alisema.

"Wawili," Dada akasema.

"Mama, mimi kila mteja namfungulia sindano yake mpya, na siku ile nilifungua tatu. Nyinyi mlikuwa mlangoni mnacheka, nikawa nammaliza yule mwenzenu mkimya. Yeye ndiye aliyetaka matundu matatu. Mkono wa baridi kweli. Nilichoma, nilichoma, hakutoa damu hata tone." Akawatazama kwa zamu. "Kwani si ndugu yenu?"

Mganga waliyempata alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kabla yao alikuwa ameshahudumia nyumba mbili siku hiyo. Aliingia, akavuta hewa puani, akaomba kiti.

"Mliahidi nini? Nipeni maneno yenyewe."

Wakampa. Waliposema ule utani wa Dada, mganga alifumba macho kidogo.

"Ulikuwa mzaha tu," Dada alimwambia mganga.

"Majini hawajui mzaha, mwanangu. Umemkaribisha, akaja, akatoa mkono kama ulivyoomba. Ndiyo maana hanidhuru wala hanitishi. Yuko kwao." Alimshika mama kifundo cha mguu, akakiachia. "Sikilizeni vizuri. Mama yenu amemaliza safari yake siku nyingi. Kinachompandisha kifua ni ile ahadi. Mtaivunja kwa mdomo, mbele yake, kila mmoja aseme amemruhusu. Nikifuta alama, huyo mgeni hana pa kushikia. Lakini mjue, mkisema, kesho mnazika."

Mama alikuwa anawatazama, jicho moja likitoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Dada alipiga magoti kwanza. "Mama, nenda. Nimekuruhusu. Nisamehe kwa kukuchelewesha." Mganga akaukamata mkono wake, akausugua kwa chumvi na majivu ya moto mpaka ngozi ikatoka, na Dada hakupiga hata kelele. Alikuwa amechoka hata kwa hilo.

Kitinda alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Siwezi. Nikisema nitakuwa nimemuua."

"Kitinda."

"Mimi ndiye nilitaka kumwacha! Mimi ndiye nilikuwa na begi! Leo tena niwe wa kumwambia aende?"

Mama akanyanyua mkono wake mzima, mwepesi umebaki mifupa, na Kitinda akaenda, kwa sababu hajawahi kuitwa na mama yake asiende. Vidole vikamgusa shavu.

"Hukuniacha," mama alisema. Ilimchukua muda mrefu kulimaliza neno. "Nimechoka, mwanangu."

Basi Kitinda akasema. Alisema uso wake ukiwa shingoni kwa mama, maneno yakitoka na kamasi na machozi, nenda mama, nenda, nimekuruhusu, na ndani ya kilio hicho aliisikia nafuu, nafuu kubwa tamu, akaionea aibu na kuishika hivyo hivyo. Mganga akamsugua mkono. Mama akashusha pumzi ndefu. Kifua kikalala.

Walisubiri. Nje maji yaliendelea kumwagika bombani. Uso wa mama ulikuwa umelegea pande zote mbili, sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Dada alivuta shuka akamfunika kichwani, akamkumbatia mdogo wake, wakabaki hivyo wakiyumba kidogo kama watu walioshushwa mzigo na bado hawajazoea. Mganga alivua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya nguo yake.

Ndipo harufu ya wino ikaingia, dirisha likiwa wazi.

"Mimi sijasema," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa kitanda, sauti ya upole, isiyo na uchovu hata kidogo.

Shuka ikazama mahali penye mdomo. Ikapanda mahali penye kifua. Ikashuka, ikapanda. Dada aliifunua, na jicho zima la mama likafunguka, likawatazama wanawe wawili, na halikuwa na lawama. Lilikuwa linauliza tu.

Mganga alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Alisoma alichojua kusoma, akachoma alichokuja nacho, akamaliza kikapu kizima. Kisha akaomba aione mikono yao. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, kifungo kimefutika chote na matundu yake mawili. La tatu lilikuwepo.

"Mimi naweza kumtoa aliyeingia kwa nguvu," alisema akikusanya vitu vyake, bila kuwatazama. "Huyu ni mtoto wa nyumba."

Aliondoka. Dada na Kitinda walikaa chini, migongo ukutani, bega kwa bega. Saa ya mezani ikalia ile kengele ya kumgeuza mama. Hakuna kati yao aliyenyanyuka.

Mama akageuzwa.