Mizani Isiyopima Upatu

Kila siku saa sita kamili mchana, Mizani Kuu ya jijini Dodoma ilipima fedha zote za dunia: noti, sarafu, amana za benki, hata zile za vituo vya mwezini. Kisha ilitangaza zipi zinafaa kuwa fedha za akiba, yaani zile ambazo mataifa mengine huziweka hazinani kwa kuwa yanaziamini. Hakuna aliyebishana nayo. Mashine haina mjomba, watu walisema.

Jumamosi ile ikaitupa nje shilingi.

Mhandisi Zamaradi Mhando, aliyeifundisha mizani hiyo, aliganda mbele ya kioo cha mashine. Shilingi imepungua uzito nusu nzima! Loo, imekwenda wapi? Alipekua mafunzo ya mashine hadi akakuta swali ililomuuliza miaka sita iliyopita: "Fedha za upatu na vibubu nizipimeje?" Chini yake, jibu lake mwenyewe: "Hazina kumbukumbu. Zihesabu sifuri." Tangu hapo watu walikuwa wakihamishia shilingi zao huko kidogo kidogo, na leo zilifika nusu.

Mkataba wa mataifa ulikataza kuifungua mizani na kuirekebisha kabla ya miaka kumi. Alilikoroga yeye, sasa wanalinywa wengine.

Alikimbilia hospitali. Shangazi yake aliyemlea, Bi. Mashavu, alikuwa amesimama kwenye dirisha la malipo, mkoba kifuani. Figo zake zilikuwa zimechoka. Daktari alikuwa amempa wiki mbili za kuishi. Zamu yake ya upatu iliangukia mwezi huu, na wanawake arobaini wa sokoni walikuwa wamechanga ili apate figo-unde, figo inayotengenezwa kiwandani.

"Kiwanda kiko ng'ambo, bibi," roboti wa malipo alisema kwa upole. "Kinapokea fedha za akiba pekee."

"Asubuhi si uliniambia nilete shilingi?"

"Asubuhi ilikuwa fedha ya akiba."

Zamaradi alimshika mkono, akamketisha, akamweleza kila kitu bila kuficha. Bi. Mashavu alisikiliza hadi mwisho. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Kwa hiyo sisi ni sifuri."

"Nisamehe, shangazi. Sikufikiri."

"Ada yako ya chuo, miaka minne, ilitoka kwenye upatu huuhuu. Ulikuwa hujui, mwanangu?"

Alikuwa anajua. Alijua hata siku ile alipoandika jibu. Wataalamu wa kigeni walikuwa wamesimama nyuma yake wakisubiri, naye akaona aibu kuwaeleza upatu ni kitu gani.