Mwoka Mikate Aliyeyakatia Maji Mafigo Yake

Tanuri liliunguruma. Trei zinaingia, mikate inatoka, na jasho linamtiririka mwoka mikate mpaka miguuni. Alikuwa akiimba! Siku ya kazi nyingi kwake ilikuwa sikukuu.

Mkewe akamletea maji. "Kunywa, baba watoto."

"Sitaki. Nikinywa, jasho litadondokea unga. Tena jasho linatoa uchafu wote mwilini. Leo sijakojoa hata mara moja. Mimi ni msafi ndani na nje!"

Mara akashika kiuno, akayumba, akakaa juu ya gunia la unga. Mkewe alishtuka sana, maana mumewe hakuwa mtu wa kukaa kazini. Akampigia simu mdogo wake, muuguzi wa zahanati ya jirani. Muuguzi akaja mbio.

"Shemeji, mkojo wako una rangi gani siku hizi?"

"Wewe! Maswali gani hayo mbele ya mikate?"

"Jibu, shemeji."

"Kahawia," akanong'ona. "Kama chai nzito."

Muuguzi akachukua chekeche la unga. "Chini ya mbavu, upande wa mgongoni, una machekeche mawili. Ndiyo mafigo. Yanachuja uchafu kwenye damu. Maji yanaubeba mpaka kwenye kibofu, unatoka kama mkojo."

"Na jasho?"

"Jasho linakupoza tu. Ni maji na chumvi, uchafu wake kiduchu. Mapafu yanatoa hewa chafu. Utumbo unatoa mabaki ya chakula. Kila kiungo na zamu yake! Wewe jasho limekumalizia maji, mafigo yanahangaika."

"Lo! Kumbe nimeyakatia maji mafigo yangu mwenyewe!"

"Twende zahanati ukapimwe."

"Mikate itaungua!"

"Bora iungue mikate kuliko wewe," mkewe akasema, akazima tanuri.

Walipompima walikuta mwili umekauka, lakini mafigo yalikuwa salama. Mkewe alilia kwa furaha. Tangu hapo mwoka mikate hunywa maji kila anapotoa trei, na hufunga kitambaa kwenye paji la uso ili jasho lisidondoke.

Asubuhi moja sauti yake ilisikika kutoka chooni. "Mama watoto! Mkojo umekuwa wa njano hafifu! Safi kabisa!"

Wateja waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Mmoja hakucheka. Alimsogelea mke wa mwoka mikate, akainama.

"Shemeji," akasema polepole, "wangu ni wa kahawia. Yule mdogo wako muuguzi nitampata wapi?"