Majina Yaliyorukwa

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, nyumbani kwa kina Isaro kule Shively, pembeni mwa Louisville, televisheni haikuwashwa mpaka saa sita mchana. Ilikuwa siku ya barua. Mama yake, Kanyana, alirudi asubuhi kutoka kazini ghalani, akavua viatu mlangoni, akachemsha chai ya maziwa, kisha akaifuta meza mpaka ikang'aa. Babu naye, Mchungaji Rudasingwa, akaja amevaa koti lake la Jumapili, akaketi, akaweka fimbo kati ya magoti. Isaro akaleta karatasi na kalamu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa watoto wote wa kanisani. Ndiyo maana kazi ile ilimwangukia yeye.

Utasema, mwaka 2015, simu zimejaa kila mfuko, barua za nini tena? Hata Isaro aliwahi kuuliza hivyo.

"Simu unaisikia wewe peke yako sikioni," Babu alimjibu. "Barua inasimama mbele ya watu wote."

Alijua alichokisema. Kule Kongo, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa mchungaji kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitembea kwa miguu kutoka Bijombo hadi Mikenge, kutoka Mikenge hadi Minembwe, ukungu ukiwa mzito hata humwoni ng'ombe aliye mbele yako. Pale ambapo miguu yake haikufika, barua yake ilifika mkononi mwa msafiri, ikasomwa kanisani watu wamesimama. Kisha vita vikaja, watu wakakimbia, na baada ya miaka mingi ya kambi wakajikuta wametupwa huku na huku Amerika, hawa Louisville, wale Columbus, wengine Buffalo kwenye theluji. Babu hakubadilisha kitu. Aliandika barua mbili kila mwezi. Ya Columbus ilisomwa na shemasi Gaspari, ya Buffalo ilisomwa na mwalimu Zenoni. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yeye alisema na Isaro akaandika.

Mwaka ule alikuwa akiwasimulia maisha ya Mtume Paulo, kipande kwa kipande. Alishawaeleza jinsi Sauli alivyowatesa waumini, jinsi nuru ilivyomwangusha njiani karibu na Dameski, jinsi alivyoshona mahema kwa mikono yake ili asimlemee mtu. Mwezi Machi alifika kwenye merikebu iliyovunjika.

"Andika," Babu alisema. "Siku kumi na nne hawakuona jua wala nyota. Watu wamekata tamaa kabisa. Paulo ni mfungwa, ana minyororo, lakini ni yeye anayewaambia wenzake wale chakula. Ninyi mliolala porini mvua ikiwanyeshea mnajua habari hiyo. Umeandika?"

"Nimeandika, Babu."

Hapo hakuna ubaya. Isaro alipenda hadithi ya merikebu. Shida yake ilikuwa mwisho wa barua, kwenye salamu. Buffalo peke yake ilikuwa na watu thelathini na wanne, na Babu hakuwa mtu wa kutaja jina tupu. Kila jina alilivika kumbukumbu yake.

"Nisalimieni Mizero, aliyenishika mkono nikavuka mto uliofurika. Nisalimieni Uwase, aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe, tukamfunika kwa ngozi ya ng'ombe. Na kwa mwisho nisalimieni dada yetu Nyirangabo, mjane wa ndugu yetu Semahoro. Siku tuliyokimbia alikuwa na kibuyu kimoja cha maziwa, akawanywesha watoto wa wenzake kabla ya kuwapa wa kwake."

Akifika hapo sauti ya mzee ilikuwa ikitetemeka, na chai ikipoa. Isaro alishawasikia watu hawa kila mwezi kwa mwaka mzima. Dirishani alimwona rafiki yake Gentille amesimama chini na mpira kwapani, anamwonyesha mkono wake kana kwamba amevaa saa. Wenzao walikuwa wakingoja uwanjani.

Basi shetani wa uvivu akamnong'oneza. Baada ya jina la sita Isaro akaandika, "na ndugu wengine wote." Kisha akaendelea kuitembeza kalamu hewani, juu kidogo ya karatasi, kila Babu aliposema. Mzee aliona kivuli cha mkono kikitembea, akaridhika. Barua ya Columbus nayo ikapata dawa hiyo hiyo. Isaro alifunga bahasha, akashuka ngazi mbili mbili, na siku hiyo akafunga mabao matatu. Mwezi Aprili akafanya vilevile, tena bila hata kuona aibu.

Mwezi Mei, kabla ya siku ya barua, Zenoni akapiga simu kutoka Buffalo. Kanyana aliiweka mezani na kuongeza sauti ili mzee asikie vizuri.

"Mchungaji, nakuuliza kwa heshima," Zenoni alisema. "Mama Nyirangabo amekosa nini?"

"Nyirangabo? Hajakosa kitu."

"Donc, basi, kwa nini umemtenga?"

Babu aliinua kichwa. Zenoni akaeleza polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Kule milimani, mtu aliyetengwa na kanisa hakutajwa kwenye salamu za mchungaji mpaka atubu, na kila mzee wa kwao alilijua hilo. Barua ya Machi iliposomwa, watu wengi walinung'unika, wakasema labda mchungaji amechoka. Nyirangabo hakunung'unika. Barua ya Aprili iliposomwa bila jina lake, alichukua kitenge chake, akatoka kabla ya sala ya mwisho. Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, hakufungulia watu mlango, na kwaya ya akina mama aliyokuwa akiiongoza ilikuwa imenyamaza.

"Lakini nilimsalimu," Babu alisema. "Nilimtaja yeye na kile kibuyu."

"Mchungaji, barua ninazo mkononi zote mbili. Jina halimo."

Babu aligeuka taratibu. "Isaro, nilimtaja Nyirangabo, au sikumtaja?"

Isaro alimkaribia hatua moja. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Akautazama uso wa mama yake, akaitazama simu, akaogopa.

"Sikumbuki, Babu," akasema.

Neno hilo moja lilimzeesha mzee. Hakugomba wala hakuuliza tena. Siku zilizofuata alikaa karibu na dirisha, midomo ikicheza. Isaro alisogea akasikia anataja ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, kwa majina na rangi zao, kisha vilima alivyochungia, kisha watoto aliowabatiza. Alikuwa anajipima. Akifika kwa ng'ombe fulani mwenye pembe moja alikwama, akarudi mwanzo, akakwama tena. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Siku ya barua ilipofika, Kanyana alifuta meza kama kawaida, lakini mzee hakuvaa koti.

"Kalamu irudishe, mwanangu," alisema. "Mtu aliyemsahau Nyirangabo hana haki ya kuwaandikia watu. Kichwa changu kimekwisha. Gaspari na Zenoni watafute mwingine."

Kanyana alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike akilia. Isaro alimsikia. Lakini bado hakusema, maana uongo ukishakaa siku kadhaa unakuwa mzito kuutoa kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Kanyana akaomba miadi kwa daktari. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu, cha maboksi na mikanda ya mizigo, kwa hiyo kama ilivyo kwa familia nyingi za kwao, mtoto alitolewa shule mapema akatafsiri. Daktari alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alivuta kiti karibu na Babu, akauliza kinachomsumbua.

"Mwambie ninasahau," Babu alisema. "Mwambie nimesahau mtu aliyewaokoa watoto wetu kwa maziwa yake, na sijui kesho nitamsahau nani. Pengine wewe."

Daktari akamgeukia Isaro, akangoja. Isaro akafungua mdomo. Maneno ya Kiingereza aliyajua yote, lakini aliona kwamba akiyasema yataandikwa kwenye kompyuta ile, Babu atapewa vidonge vya ugonjwa asio nao, na ataamini mpaka afe kwamba akili zake zimemtoka.

"Siwezi kutafsiri hivyo," alisema kwa Kiswahili. "Babu, hujasahau. Ulimtaja Bibi Nyirangabo mara zote mbili. Mimi ndiye sikumwandika. Nilitaka kwenda kucheza, nikawa nazungusha kalamu hewani. Hata uliponiuliza, nilikumbuka. Nilikudanganya."

Kanyana alisimama. Daktari aliwatazama mmoja mmoja, hajui kilichotokea. Mabega ya Babu yakashuka, akapumua kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Mwambie daktari," alisema, "kwamba mimi ni mzima. Mwambie mgonjwa alikuwa mwingine, naye ameanza kupona."

Isaro akatafsiri neno kwa neno, machozi yakimchuruzika. Daktari alimpa karatasi za kupangusia uso.

Usifikiri mambo yaliishia hapo. Njiani Isaro alijitolea kuandika barua nyingine siku hiyo hiyo yenye majina yote. Babu akakataa.

"Karatasi ndiyo iliyomjeruhi. Safari hii utakwenda mwenyewe."

Basi wiki iliyofuata Kanyana akaomba ruhusa kazini, wakaondoka. Walilala Reynoldsburg, upande wa mashariki wa Columbus, kwa shemasi Gaspari. Huko nako Isaro alisimama mbele ya watu waliokusanyika sebuleni, akawaeleza alichofanya. Gaspari alicheka kidogo, akasema kwamba na yeye alijiuliza amekosa nini mpaka anaitwa "ndugu wengine." Isaro aliona nafuu, lakini alijua Buffalo hapatakuwa rahisi hivyo.

Barabara ya kwenda kaskazini ilikuwa ndefu, na Babu aliijaza kwa habari za Paulo mzee. Alisimulia jinsi mtume alivyokaa gerezani Roma, karibu na kifo, marafiki wamemwacha, ni Luka tu aliyebaki naye. Aliagiza aletewe joho lake na vitabu, kwa maana baridi ilikuwa inakuja.

"Na pamoja na shida zote hizo," Babu alisema, "bado aliwatuma watu salamu kwa majina. Hata imani ina kumbukumbu, mjukuu wangu. Kumpenda Mungu usiyemwona, na kumsahau Prisila na Akila uliofanya nao kazi, Paulo hakuliweza hilo."

Nyirangabo alikaa ghorofa ya pili, katika nyumba ya mbao upande wa magharibi wa Buffalo. Zenoni alibisha hodi kwa niaba yao. Mlango ulifunguka kidogo, kisha wote. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, kitenge mabegani. Alimwona mchungaji, akataka kumkumbatia, akajizuia, akarudi nyuma hatua moja.

"Niambie kwanza kosa langu," alisema. "Wiki nyingi ninalitafuta. Nimetafuta tangu utoto wangu mpaka leo, nikakuta mengi, lakini hili lako silijui."

Isaro alisikia maneno hayo yakimpasua. Hakuna aliyemsukuma. Alipita mbele ya babu yake, akapiga magoti kizingitini.

"Bibi, kosa si lako, ni langu. Babu alikusalimu. Alisema habari ya kibuyu cha maziwa, na sauti yake ilitetemeka. Mimi niliruka jina lako ili niwahi mpira. Nisamehe."

Nyirangabo alimtazama mchungaji. Mzee akaitikia kwa kichwa. Uso wa yule mama ukakunjamana, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu. Alimwinua Isaro, akamkumbatia kwa upande huu, kisha upande ule, kama wanavyosalimiana kwao, akawakumbatia wote mpaka Zenoni.

"Kwa hiyo sikutengwa," alisema.

"Hata siku moja," Babu alijibu. "Jumapili hii uongoze kwaya yako."

Walipokwisha kunywa maziwa, Babu alimwita Isaro akae karibu naye.

"Paulo naye hakuandika kila waraka kwa mkono wake," alisema. "Ule wa Warumi uliandikwa na mtu aitwaye Tertio. Hatujui alizaliwa wapi wala alifia wapi. Tunajua tu kwamba aliambiwa majina mengi mno, mkono ukamuuma bila shaka, na hakuruka hata moja. Ndiyo maana mpaka leo tunawajua watu wale. Ukipewa kazi ambayo hakuna anayekuona, hapo ndipo tunapokuamini zaidi. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaanza kubeba kosa lako."

"Nimesikia, Babu."

"Bon, vema," Nyirangabo alisema, akipangusa macho. "Lete karatasi, mtoto. Na mimi nina salamu za kupeleka Louisville."

Alitaja watu kwa zaidi ya saa nzima, kila mmoja na habari yake, ya kuchekesha na ya kuliza. Isaro aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Mwisho kabisa yule mama akamtazama.

"Sasa andika hivi. Nisalimieni Isaro binti Kanyana, aliyesafiri kutoka Louisville mpaka Buffalo kuja kunirudishia jina langu."

Isaro aliinamisha kichwa, akaandika yote.