Viatu vya Kulalia

Mume wangu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya njia, kati ya duka la dawa na cherehani ya jirani yetu. Kila asubuhi alipanga vitu vyake kwa namna ileile: gundi kulia, sindano kushoto, nyundo mapajani. Watu walimwita Fundi. Jirani yetu naye alikuwa fundi, wa nguo, kwa hiyo yeye aliitwa Cherehani. Wawili hao walitaniana tangu kufungua mpaka kufunga.

"Fundi, kiatu hicho kimeshakufa. Kizike," Cherehani alisema.

"Zinazokufa ni suruali zako. Kiatu huugua tu."

Binti yetu alizaliwa na mguu mmoja uliogeukia ndani. Unyayo ulitazama mguu wa pili, na kisigino kilikuwa kimevutwa juu. Mkunga alimfunika upesi. Mama mkwe akamfunua, akatazama, akamfunika tena.

"Utanyooka wenyewe akianza kutembea," akasema.

Wengine walinong'ona kwamba lazima kuna jambo nilitenda. Nikawa namfunika mtoto hata wakati wa joto.

Fundi hakunong'ona. Aliushika ule mguu kwa kiganja chake chenye gundi, akaupima kwa jicho. "Huyu atakuwa mteja wangu wa maisha," akasema. Tangu siku hiyo tukamwita Mteja.

Alitania, lakini alikuwa na hofu. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa akileta kiatu chake kushonwa. Soli ya kiatu kile ilikuwa nzima, kama mpya. Kilichokuwa kimelika ni ngozi ya juu. Mtu yule alizaliwa na mguu kama wa binti yetu, hakutibiwa, akakua akikanyagia mgongo wa mguu. Fundi alinionyesha kiatu kile.

Cherehani ndiye aliyetuambia. "Nyuma ya kanisa kuna kliniki ya miguu ya watoto. Ni ya shirika la Kikristo. Waumini wa ng'ambo wanachanga, na watoto hapa wanatibiwa bure."

"Bure?" Fundi akauliza.

"Bure. Mbona unakunja uso? Mimi watu wananikopa suruali na bado nacheka."

"Mtoto wa fundi viatu avalishwe viatu vya msaada? Wateja watasemaje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nikasema, "Watasema wanavyotaka. Mimi kesho naenda."

Kesho yake nilipotoka, nilimkuta Fundi amekwisha vaa shati lake la kanisani. Hakufungua kibanda.

Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa. Kulikuwa na mabenchi, beseni za maji, na harufu ya chokaa mbichi. Watoto walilia kwa zamu. Dada aliyetupokea alikuwa na mikono myeupe mpaka viwiko kwa sababu ya plasta, ile chokaa inayofungwa mguuni ikakauka ikawa ngumu. Akina mama walimwita Dada Plasta, naye aliitika.

"Sisi si washirika wa kanisa hili," Fundi alianza.

"Hapa hatuulizi mnasali wapi, kaka. Tunauliza mtoto ana umri gani."

"Wiki tatu."

"Mmewahi. Mlazeni hapa."

Alimshika Mteja mguu polepole, huku akimwimbia. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Dada, nilifanya kosa gani?"

"Ulizaa. Ndilo ulilofanya," akajibu. "Huu unaitwa mguu kifundo. Watoto wengi huzaliwa nao, kwa tajiri na kwa maskini. Si dhambi yako. Si jicho la mtu. Si chakula ulichokula. Basi acha kumfunika, mama, mtoto anatoka jasho."

Fundi akasogea karibu. "Mtaukunja kwa nguvu?"

"Hapana. Tunaubembeleza. Mguu wa mtoto mchanga ni laini bado. Leo nitaugeuza kidogo, nitaufunga plasta ukae hapo. Wiki ijayo nitaufungua, nitaugeuza kidogo tena. Kazi yenu ni kurudi kila wiki, na plasta isilowe maji."

Tulirudi kila wiki. Mvua ikinyesha, Fundi aliufunga ule mguu kwa mfuko wa nailoni na kumbeba ndani ya koti lake. Kila plasta ilipofunguliwa, mguu ulikuwa umesogea. Mwisho daktari alikata kidogo kano la kisigino, ule uzi mnene ulio nyuma ya mguu, ili kisigino kishuke. Ikafungwa plasta ya mwisho. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umenyooka kama mwenzake. Nililia. Mama mkwe aliposikia, alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Lakini Dada Plasta hakushangilia. Alileta viatu viwili vidogo vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Vidole vya kila kiatu vilitazama nje.

"Sisi tumemaliza sehemu rahisi," akasema. "Sasa ni zamu yenu. Atavaa hivi mchana na usiku kwa miezi mitatu, mnavua wakati wa kuoga tu. Baada ya hapo atavaa kila anapolala, mpaka afike miaka minne hivi."

"Miaka minne!" nikasema.

"Mguu huu unataka kurudi ulikotoka. Ukiuachia, utarudi."

Fundi alivigeuzageuza vile viatu. "Nani ameshona?"

"Vimetoka ng'ambo, kwa wale wanaotuchangia."

"Na mguu mzima umekosa nini hata nao ufungwe?"

"Huo ndio unaomshika mwenzake. Na atalia siku za mwanzo. Msivue kwa sababu analia. Mvalisheni soksi ya pamba, kazeni mkanda kisigino kikae chini kabisa, kisha chezeni naye. Shikeni chuma hiki, mkunje na kunyoosha miguu yote pamoja. Ngozi ikichubuka, njooni kwangu. Msijifanyie wenyewe."

Mteja alilia kweli. Mimi nilicheza naye kama nilivyoelekezwa. Fundi yeye alikuwa akivitazama tu viatu. Fundi hutazama kazi ya fundi mwingine hivyo.

"Angalia," alisema. "Kimoja kinatazama mlangoni, kingine kinatazama dirishani. Kama watu waliogombana. Hata mwanafunzi wangu nisingemruhusu akabidhi kazi hii."

Jumapili moja nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, nilimkuta na spana mkononi. Alikuwa amelegeza nati, akavigeuza viatu vitazame mbele, sambamba, kama vinavyokaa kwenye rafu ya dukani. Akamvalisha mtoto. Mteja alilala bila kulia.

"Umeona?" akasema kwa furaha. "Mtoto alikuwa analilia ufundi mbovu."

Nami nilifurahi. Nyumba ilitulia. Siku ya kwenda kliniki kukaguliwa ilipofika, hatukwenda. Tulisema, twende kwa nini na mtoto ametulia?

Baada ya muda kiatu kimoja kikaanza kumvuka. Nilikaza, kikavuka tena. Mama mkwe alikuwa akimwogesha, akauinua mguu wake kwenye mwanga. "Mama," akaniita, "njoo uone mguu huu unatazama wapi."

Ulikuwa unatazama mwenzake.

Tulipofika kliniki, Dada Plasta alishika mguu kwanza, kisha akachukua viatu. Akaona nati zilizokwaruzwa.

"Nani amegusa hapa?"

Fundi akavua kofia. "Mimi. Vilikuwa vimefungwa vibaya. Nikavinyoosha."

Nilisubiri afokewe. Dada Plasta alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Kaka, ukilowesha ngozi ukaivuta juu ya kibao cha umbo la mguu, kisha ukaitoa kabla haijakauka, inakuwaje?"

"Inajikunja."

"Inajikunja. Mguu wa huyu bado haujakauka. Kiatu hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya kutembelea. Kinautazamisha nje kwa sababu wenyewe unavutwa ndani. Wewe ulipovinyoosha viatu, uliuachia. Mtoto akanyamaza kwa sababu hakuna tena kinachomshika."

Fundi alikuwa akisikiliza na kidole chake kikifuata pembe ya kile kiatu, kwenda na kurudi.

"Nimemharibu mwanangu," akasema.

"Hujamharibu. Angekuwa na miaka kumi ningekuwa na uso mwingine. Tunaanza upya. Mtakuja kila wiki?"

"Tutakuja," nikasema kabla hajafungua mdomo.

"Na spana?"

"Nitaificha," akasema Fundi. Dada Plasta akacheka, na sisi tukaweza kupumua.

Tulianza plasta upya. Safari hii Mteja alikuwa mkubwa zaidi, alirusha teke na plasta nzito, akampiga Cherehani puani alipokuja kumsalimia. Mguu ukasogea tena, wiki baada ya wiki. Lakini ilipokaribia kutolewa plasta ya mwisho, Dada Plasta alituita pembeni.

"Viatu vya kulalia vya saizi yake vimekwisha. Sanduku kutoka ng'ambo limekwama bandarini. Si yeye peke yake, kuna watoto wengine wanasubiri."

"Plasta ikitoka, viatu havipo, itakuwaje?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Mguu utarudi."

Fundi akasema, "Nipe kiatu kimoja nikifungue, nione kilivyoshonwa."

"Wewe? Ulishafungua kimoja, kaka."

"Ndiyo. Basi safari hii nifungue mbele yako, uniambie kila kitu ni cha nini."

Dada Plasta akaenda kuleta jozi kuukuu.

Walikaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaondoka. Chuma kina upana gani? Upana wa mabega ya mtoto. Kwa nini kiatu kiko wazi vidoleni? Mguu usibanwe, na mtoto hukua. Tundu hili nyuma? La kuchungulia, uone kama kisigino kimekaa chini. Pembe ya kila kiatu Dada Plasta aliichora kwenye karatasi ngumu: moja ya mguu uliotibiwa, iliyotanuka zaidi, na nyingine ya mguu mzima. Fundi alikata karatasi zile na kuzitundika kibandani, akamkataza kila mtu kuzigusa.

Viatu vya kwanza Dada Plasta alivikataa. Mshono ulikuwa ndani, ungechubua ngozi. Vya pili akavikataa pia, mkanda ulikuwa umekaa juu mno.

"Mwanamke huyu ana jicho la mkaguzi wa mpaka," Cherehani akasema.

"Nyamaza unikatie kitambaa cha ndani, kiwe laini."

Vya tatu vilipita. Mteja alivivaa siku ileile plasta yake ilipotoka, akalia kweli kweli. Fundi alitoka nje akasimama ukutani, kisha akarudi, akashika kile chuma, akaanza kukunja na kunyoosha miguu ya mtoto huku akimwimbia wimbo wa kubuni kuhusu mteja asiyelipa. Hakuvua. Siku zilizofuata nilipochoka mimi, alishika yeye. Alipotaka kulegea, nilimtajia kile kiatu kilicholika juu. Mama mkwe, aliyekuwa akimhurumia mtoto kuliko sote, akawa ndiye anayechungulia lile tundu kila usingizi. "Kisigino kipo," alitangaza, kama mtu anayesoma habari.

Sanduku lilipofika hatimaye, nusu ya viatu vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Mchungaji aliyesimamia kliniki aliwaandikia wale wa ng'ambo. Aliwashukuru, akawaambia ukweli: wapo watu hapa wanaoweza kushona viatu hivi, ngozi ipo, chuma kipo, saizi inapimwa kwa mtoto mwenyewe. Watusaidie kununua ngozi badala ya kusafirisha viatu. Hatukujua kama wangekasirika. Walijibu kwamba hawakujua, na kwamba walikuwa wakitamani tuwaambie mapema.

Tangu hapo Fundi alishonea kliniki. Alifundisha mafundi wengine wawili, naye alikataa kazi zao bila huruma, kama alivyokataliwa yeye. Mzazi akija na viatu akitaka vinyooshwe, Fundi alimkalisha kwenye kigoda na kumweleza habari za ngozi mbichi. Hakuficha kwamba yeye mwenyewe alifanya kosa hilo. Alisema wazazi walimsikiliza zaidi kwa sababu hiyo.

Mteja alisimama, akatembea, akakimbia. Kila alipolala alivaa viatu vyake, mpaka siku Dada Plasta aliposema basi, inatosha.

Miaka miwili baadaye Fundi aliugua, akatutoka.

Siku ya mazishi, njia ya kwenda makaburini ilikuwa ndefu, yenye mawe na kilima. Shemeji yangu alitaka kumbeba Mteja. Alikataa. Alitembea kwa miguu yake nyuma ya jeneza la baba yake, akapanda kilima, akashuka, hakuachwa nyuma.

Nyuma yangu wanawake wawili wa mtaani kwetu waliongea kwa sauti ya chini.

"Si ndiye huyu aliyezaliwa na mguu mbovu?"

"Ndiye. Ule wa kushoto."

"Kushoto? Ulikuwa wa kulia."

"Wa kushoto, nakwambia. Mtazame."

Wakamtazama. Walimtazama mpaka tukafika, na hawakuweza kukubaliana.